Kwa Dada Habiba, Aliyemnyonyesha Mwanangu

Dada Habiba,

Juma lililopita Sauda aliacha ziwa. Sikupanga mimi. Aliamka asubuhi akaomba uji, akanywa, akaenda zake uani kufukuza kuku. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikalikamua la kushoto, lile ulilokuwa ukiliita "lenye imani," likatoa tone moja tu, basi. Nikakaa kitandani na leso mkononi nikalia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Buya alipoingia akauliza kuna nini. Nikamwambia maziwa yamekauka. Akasema kwa upole, maana unamjua shemeji yako, "Lakini mtoto si mkubwa sasa, Mama Sauda? Si ndiyo kawaida?"

Ndiyo kawaida. Wewe peke yako ungejua nalilia nini, na wewe hupo. Ndiyo maana nimechukua daftari hili.

Huu ni mwezi wa saba tangu tukuzike Kulesa. Mto umejaa, umerudi chini. Mumeo Komora amepanda mpunga kwenye lile shamba lako la ukingoni, na amepanda vibaya, mistari imepinda. Mama alikaa nami hadi arobaini yako ikaisha, kisha akarudi Kinakomba, na tangu arudi hazungumzi sana kwenye simu. Ananiuliza "watoto wamekula?" Nikisema wamekula, anasema "haya," anakata. Mwanao Jillo niko naye hapa Garsen. Meno yamejaa mdomoni. Anapenda kambare kuliko nyama, na akiona pikipiki inapita anaisindikiza kwa mlio mpaka ipotee.

Nataka nikwambie mambo kwa mpangilio, dada, kwa sababu kichwani mwangu yamechanganyika, na kuna moja ambalo sijakwambia kabisa.

Unakumbuka nilivyokuwa. Nilikuwa darasa la saba matiti yalipoanza kukua, na kufika kidato cha pili nilikuwa nikitembea nimeinama kama bibi anayetafuta sindano. Sidiria za dukani hazikunitosha, ukanishonea za kitambaa cha shuka, ukaweka mikanda mipana, na bado mikanda ilinichimba mabega hadi leo nina mifereji miwili ukipitisha kidole unaipata. Chini yake jasho la Kinakomba lilinioza ngozi. Ulikuwa unanipangusa kwa maji ya chumvi, mimi nimeuma ncha ya mto. Shuleni wavulana waliniita Mama Ng'ombe. Nikaacha shule kidato cha tatu, na baba akadhani nimekuwa mvivu, mpaka wewe ulipomwambia mbele ya watu, "Baba, mtoto wako anabeba mizigo miwili usiku na mchana, na hakuna mtu wa kumtua."

Ni wewe uliyesikia kuwa kuna operesheni. Ni wewe uliyenipeleka Mombasa. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, akatuchorea kwenye karatasi jinsi watakavyokata, watakavyopunguza, watakavyoihamisha chuchu na kuishona mahali papya. Akasema mirija mingine ya maziwa itakatika. "Ukija kuzaa, huenda ukanyonyesha, huenda ukapata kidogo, huenda usipate kabisa. Siwezi kukuahidi." Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilishika kalamu nikakutazama. Ukasema, "Weka sahihi, Maimu. Mtoto hajaja bado. Wewe ndiye uliye hapa."

Niliweka. Ukakaa nami wiki tatu Mombasa ukinibadilisha bandeji, ukigeuza uso kidogo kila unapoifungua. Ulidhani sikuoni ukigeuza uso. Nilikuwa nakuona.

Na siku nilipopona, nilirudi nyumbani nikateka ndoo mtoni nikaibeba hadi mlangoni bila kupumzika njiani, mgongo umenyooka, na wewe nyuma yangu unapiga vigelegele kama naingia kwenye harusi. Watu walitoka kutazama. Sijutii, dada. Mpaka leo kuna wanaotaka nijute, wanasubiri niseme. Mgongo wangu haukuwa wa mtu mwingine. Kitu kimoja tu ninakijutia, na si hicho.

Kisha nikaolewa huku Garsen, wewe ukiwa umeshaolewa Kulesa, na mimba zetu zikafuatana. Ulijifungua Jillo, miezi miwili baadaye nikajifungua Sauda.

Maziwa yalikuja siku ya nne. Nilifurahi nikadhani daktari alikosea. Lakini yalikuja kama mvua ile inayolowesha vumbi tu ikapita. Sauda alikuwa akivuta, akivuta, anachoka, analala na chuchu mdomoni, na kabla sijafunga blauzi ameshaamka analia. Akalia mpaka sauti ikakauka. Mama mkwe alikaa pale mlangoni na kanga yake begani, akasema, "Mtoto anafyonza ngozi tupu." Siku nyingine akasema, "Ulimkatia riziki kabla hajazaliwa." Nilimwamini. Hilo ndilo baya zaidi, nilimwamini.

Garsen, dada, mji wa maziwa. Unatoka nje asubuhi unakutana na akina mama wa Kiorma wamepanga vibuyu na madumu, maziwa ya ng'ombe, maziwa ya ngamia, mabichi, ya mgando, wanakuita kwa jina. Maziwa kila kona, ila kwangu.

Siku ya nane nikampeleka kliniki. Muuguzi akamweka kwenye mizani, akatazama kitabu, akamtoa, akamweka tena. Uzito ulikuwa umeshuka kuliko siku aliyozaliwa. Akauliza nepi zinalowa mara ngapi, nikasema mara mbili, tatu. Akaniomba nifungue blauzi, akaona makovu, hakushtuka. Akasema, "Maziwa unayo, dada, lakini hayatoshi peke yake. Endelea kumweka, kila mara, usiache, kisha umwongezee. Kama kuna ya kopo, chemsha maji vizuri, tumia kikombe." Alisema vizuri kabisa. Mimi nilisikia neno moja tu, hayatoshi.

Nikakupigia. Ulikuwa ulete uji wa mzazi Ijumaa, ukaja siku ileile, umepakiwa nyuma ya pikipiki, Jillo umemfunga kifuani kwa leso ya njano. Hukuvua hata buibui. Uliketi kwenye mkeka, ukampa mama mkwe Jillo amshike, ukafungua vifungo ukanyoosha mikono. Nikakupa Sauda.

Nikasikia akimeza.

Siku nane, dada, sikuwahi kumsikia mwanangu akimeza. Kumbe mtoto akinyonya hutoa sauti. Gu, gu, halafu pumzi ndogo, halafu gu. Mikono yake ilikuwa imekunjwa ngumi tangu azaliwe, nikaiona ikifunguka kidole kimoja kimoja juu ya ziwa lako.

Sijakwambia nilichofanya baada ya hapo. Uliponiona natoka ukadhani naenda kukuwekea chai. Nilienda nyuma ya jikoni nikashika ukuta, nikakuchukia. Si kwa muda mrefu. Lakini nilikuchukia kwa moyo wangu wote, kwa vile ilikuwa rahisi hivyo kwako, kwa vile ulivyofungua vifungo tu. Na ukaniita kutoka ndani, "Maimu! Njoo umchukue huyu, ananishinda nguvu!" Nikaja. Akashiba, akalewa, mdomo wazi, tone la maziwa yako shavuni mwake. Nikalipangusa kwa kidole. Nikalilamba, unakumbuka? Ukacheka mpaka Jillo akashtuka.

Jioni ile ndiyo uliniwekea ile sheria. "Muweke kwako kwanza, halafu unipe." Nikakwambia kwangu hamna kitu. Ukasema, "Kidogo si sawa na hamna. Muweke kwako kwanza, ajue harufu ya mamake, yatoke hayo yatakayotoka. Halafu unipe." Na mama mkwe alipoguna ukamgeukia kwa adabu zako zote, ukamwambia, "Mama, huyu mtoto ana mama, na mamake ana ziwa. Mimi namsaidia tu." Hakuguna tena mbele yako.

Buya akamuuliza maalimu msikitini. Maalimu akasema hapana ubaya, ila watoto wamekuwa ndugu wa kunyonya, wasije wakaoana. Buya alirudi na habari hiyo kwa uso mzito kama ametoka mahakamani. Wewe ukamwinua Jillo, miezi miwili, hana hata shingo, ukamwambia, "Pole, baba. Mchumba mmoja umeshampoteza."

Arobaini ilipoisha ukanichukua Kulesa. Buya alikuwa akija Ijumaa. Ile ndiyo miezi iliyokuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kuishi, na sasa nikiikumbuka inaniuma kama mtu anayekanyaga mwiba uleule kila siku. Asubuhi tunakaa mbele ya nyumba, mgongo kwa mgongo tuegemeane, kila mmoja na mtoto. Mimi namweka Sauda, kushoto, kulia, anamaliza kilichopo, anaanza kupiga teke. Tunabadilishana bila hata kugeuka, kwa kupitisha mikono nyuma. Mara moja ulinipa Jillo badala ya kumwacha chini, nikamweka bila kufikiri, akavuta kidogo, akaachia, akanitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Tulicheka hadi Komora akatoka kuuliza nani kafanya nini.

Nilikuuliza siku moja kwa nini hutaki tumwongezee Sauda ya kopo, kama muuguzi alivyosema, upumzike kidogo. Ulikuwa umekonda. Ulikuwa unakula kama mwanamume na bado unakonda. Ulikuwa unachambua mchele, ukaendelea kuchambua. Kisha ukasema, "Zeinabu alikunywa ya kopo." Zeinabu wako wa kwanza, aliyekufia mikononi wakati wa mafuriko, mmelala kwenye mahema barabarani na maji yote yanayowazunguka ni machafu, wewe homa imekukausha maziwa, na chupa moja inaoshwa kwa maji yaleyale. Sikukuuliza tena. Ningekuuliza tena, dada. Ningekuuliza kila siku.

Jillo alikuwa na miezi mitano ulipoliona lile gumu, kwenye ziwa la kulia, upande wa kwapa. Ukanishika mkono ukaniwekea vidole pale. "Maimu, gusa hapa." Nikagusa. Lilikuwa kama kokwa ya tende chini ya ngozi. Na mimi, mimi ambaye kisu kimenipita pande zote mbili, mimi ambaye ningepaswa kujua kuliko wote, nikakwambia, "Ni maziwa tu yameganda. Kanda kwa kitambaa cha moto, kisha mpe Jillo avute."

Nilisema mimi. Mama alisema vilevile kwenye simu, na jirani yako, lakini wa kwanza nilikuwa mimi.

Ukakanda. Ukakanda wiki tatu. Jillo akaanza kulikataa la kulia, analishika, anageuza uso, analia. Ukasema ana vituko. Ngozi ikawa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa, ikawa nyekundu, nikakwambia ni joto la kitambaa. Siku moja ukaniambia unaenda Garsen sokoni, ukaniachia watoto wote wawili. Ulirudi mchana na vitunguu na sabuni, ukawachukua watoto, ukakaa nao. Nikauliza ulikwenda hospitali kuonyesha lile titi? Ukasema, "Nimeonyesha. Wamesema niangalie tu." Kisha ukasema, "Lete huyo Sauda. Umeshamweka kwako?" Nikasema ndiyo. Ukampa la kushoto.

Tangu siku hiyo ukawa unawanyonyesha wote wawili kwa la kushoto tu. Miezi minne. Na mimi nikawa naona kama jambo la kawaida. Nilizoea, dada. Mtu huzoea kupewa.

Sauda alipofika miezi minane, Jillo kumi, anakula ndizi ya kuponda na uji na wali wa samaki, ukaniambia asubuhi moja, "Sasa huyu hata nisipompa atakua." Ulisema kama unayemaliza kusuka mkeka. Kesho yake ukamwambia Komora akupeleke Mombasa, na ndipo ukanionyesha la kulia, ukafungua leso mchana kweupe, nikaona kile ulichokuwa ukikificha chini ya nguo. Sitaandika nilichoona. Unajua.

Walikata. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa pale na bandeji, na nilijilazimisha nisigeuze uso. Walikuwekea dawa ya mshipani, nywele zikatoka, kucha zikawa nyeusi. Daktari akasema usimpe Jillo ziwa tena, dawa inaingia kwenye maziwa. Tulikuwa kwenye kile chumba tulichopangiwa karibu na hospitali, wewe kitandani, Jillo anapanda kitanda kwa magoti, anavuta nguo yako, analia "nyonyo, nyonyo," na wewe umejifunika kwa mikono miwili kama mtu anayejikinga na kipigo, machozi yanakushuka pembeni yanaingia masikioni.

Mimi bado nilikuwa na yale yangu ya kidogo. Yalikuwepo kwa sababu ya sheria yako, kwa sababu kila siku, mara nane, mara kumi, ulikataa kumchukua Sauda mpaka nimweke kwangu kwanza. Nikakaa ukingoni mwa kitanda chako nikafungua vifungo. Nikamchukua Jillo. Alikataa. Nikamweka tena la kushoto. Akavuta, akasubiri, akavuta, na nikahisi ile hali ya kuchomachoma inayokuja maziwa yakishuka, haba, lakini yakashuka. Akatulia. Ukageuza kichwa kwenye mto ukatutazama. Ulikuwa huna nyusi. Ukasema kwa sauti ile iliyokuwa imebaki nusu, "Polepole, Jillo. Usimmalize mwenzako." Kisha ukafunga macho, na nilijua husinzii, unasikiliza.

Ulisikia akimeza, dada? Nimekuwa nikitaka kukuuliza. Mimi nilisikia mara mbili, labda tatu.

Maradhi yalikuwa yameshafika kwenye mapafu. Tukakurudisha Kulesa kwa sababu ulitaka Kulesa. Ulifariki Jumanne, saa nne asubuhi, nje watu wanapura mpunga, na mama ameshika miguu yako. Nilikuwa nimetoka kumuosha Jillo. Niliingia naye ananitiririkia maji, mama akaniangalia tu. Jillo alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Alisema "mama" akikuonyesha kwa kidole, na hakuna mtu mle ndani aliyejua amjibu nini.

Sasa lile ambalo sijakwambia.

Baada ya siku ya saba tulikuwa tunagawa nguo zako. Nilichukua kitabu cha kliniki cha Jillo, nikitaka kujua chanjo gani imebaki. Ndani yake kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Barua ya rufaa. Imeandikwa wewe upelekwe Mombasa haraka, neno haraka limepigiwa mstari mara mbili. Nikaangalia tarehe. Ilikuwa siku ile ya vitunguu na sabuni.

Nilimwendea Komora shambani nikiwa nayo mkononi. Hakukana. Alikaa chini kwenye matope. Akasema ulimwambia baada ya mwezi mmoja, na ukamwapisha. Alisema, "Nilimwambia twende, Maimuna. Kila siku nilimwambia. Akasema wakimkata na kumpa dawa, watoto wawili watakosa ziwa siku moja. Akasema, 'Maimu akijua atamnyima Sauda ili kuniokoa mimi, na sitaki mtoto mwingine afie mikononi mwangu.'"

Miezi miwili sikusema na Komora. Nilimlaumu yeye kwa sababu alikuwa hai, na alikuwa karibu.

Dada, sikukuomba hilo. Ungeniambia, ningechemsha maji ya mto mara tatu. Ningekaa na kikombe na kijiko mchana kutwa. Ningesimama barabarani Garsen kumwomba kila mwanamke anayenyonyesha. Mtoto wangu angeishi, yule muuguzi alishanionyesha njia. Ulimhesabia mwanangu miezi minne na ukaitoa kwenye miezi yako, na hukunipa hata nafasi ya kukataa.

Halafu nakaa, hasira inashuka, naanza kukumbuka ulivyokuwa ukigeuza uso pale Mombasa, miaka ile, unapofungua bandeji zangu. Nafikiri labda haikuwa Sauda tu. Labda ulikuwa unaogopa kisu. Labda uliyaona makovu yangu, ukaona na mtoto analia njaa kifuani pangu, ukasema la, si mimi. Mtu angesikia hivi angesema nakutukana. Sikutukani. Nikifikiri kuwa uliogopa, kama mtu yeyote, kama mimi, napumua kidogo. Nikifikiri kuwa ulikuwa shujaa, siwezi kumtazama mwanangu usoni. Kwa hiyo naomba, dada, kama inawezekana, nikubalie kwamba uliogopa kidogo.

Sijui. Hilo ndilo ninalojutia, kwamba nilikuwa nawe mgongo kwa mgongo miezi yote ile na sijui.

Komora tumepatana. Huja Ijumaa na samaki, anamchezesha Jillo, anarudi Kulesa kabla ya magharibi. Alitaka kumpeleka Jillo kwa mama yake akalelewe huko, wazee wakakaa, nikasema kwa heshima lakini nikasema, huyu kanyonya kwangu. Maalimu akauliza mara ngapi. Nikasema siku nyingi, hadi akashiba. Si kweli kabisa. Hakuwahi kushiba kwangu hata siku moja. Lakini alinyonya, akalala kifuani pangu, na nikaona Mungu anajua kuhesabu kuliko mimi. Wakaniachia.

Mimi mwenyewe nilienda kupimwa. Muuguzi akanishika mkono, ni yuleyule wa mizani. Hakuna kitu. Akanifundisha kujipapasa kila mwezi, kuzunguka makovu polepole, kwa vidole vitatu. Mama mkwe aliniona nikifanya hivyo juzi. Nilidhani atasema neno. Akasema, "Hebu nionyeshe na mimi." Tukakaa pale ndani, dada, mimi na yeye, nikamwonyesha. Alilia. Alisema jina lako.

Na jana. Hili ndilo lililonifanya nimalize barua, maana nilikuwa nimeiacha siku tatu.

Jillo tangu ulipoondoka ananiita Maimu. Alilichukua kwako, hakuna mwingine anayeniita hivyo, na nilipenda abaki nalo, nilikuwa nasikia sauti yako ndani yake. Jana mchana nilikuwa nasuuza nguo, akaanguka kwenye ngazi ya mlango, akapasua mdomo. Akainuka ana damu kidevuni, akanitafuta kwa macho uwanja mzima, akaita, "Mama!"

Nikasimama na shuka mikononi. Niligeuka, wallahi niligeuka nyuma, nikatazama kama utakuwepo. Akaita tena, kwa ukali, kama mtu anayecheleweshwa. "Mama!"

Nikaitika.

Nisamehe, dada. Alikuwa anatoka damu.

Nitakuwa naitika kila akiita, leo na akiwa na ndevu. Lakini sitamwacha adhani mama yake ni mimi peke yangu. Nitamleta Kulesa, nitamketisha pale ulipolala, nimwambie huyu ndiye Habiba, aliyekuzaa. Na Sauda nitamwambia yote akiwa mkubwa wa kuyabeba, pamoja na ile karatasi, nimeihifadhi. Nitamwambia bila kumtwisha, kama nitajua namna. Na mimi, siku nitakapogusa uvimbe hata mdogo kama punje ya mpunga, nitasema siku hiyohiyo, kwa sauti, kwa yeyote aliye karibu. Hilo nakuahidi mbele ya Mungu, kwa hasira na kwa mapenzi, vyote viwili.

Nakuacha sasa. Wameamka wote wawili, wanagombania kikombe. Kaburi lako liwe na wasaa na hewa, Habiba wangu, na Zeinabu awe ameshakupokea, na huko aliko awe ananyonya mpaka achoke.

Mdogo wako,
Maimu